Ngwe ya Mzee Haonga

Nilitoka Tabora kwa treni, nikashuka Itigi na sanduku la bati, na kuanzia hapo nikawa msukuma lori. Wanaosema walisafiri kwa lori kutoka Itigi hadi Chunya miaka ile ya dhahabu wanadanganya. Lori ndilo lililosafiri, kwa migongo yetu. Mvua ilitukuta katikati ya vichaka ambavyo hata nyoka huvipita kwa kupinda. Tulilala juu ya magunia ya unga yaliyolowa, na asubuhi dereva akatuuzia unga ule ule kwa bei ya mkavu. Chunya nilikuta kila mtu ana matope hadi kwenye kope na hakuna mwenye dhahabu. Nikapanda milima kwa miguu, nikashuka Mbeya nikitetemeka kwa baridi ambayo hakuna mtu wa Tabora aliyewahi kunionya juu yake. Huko nikapata mkokoteni wa ng'ombe uliobeba mabati ya kupeleka Mbozi Misheni. Mwenye ng'ombe alinikubalia nipande, kisha kila tulipofika mlimani akaniambia nishuke. Nchi hii ina milima mingi.

Nilikuwa na elimu ya sekondari. Wakati ule hiyo ilitosha kumfanya mtu aketi kwenye kiti cha ofisi mpaka kiti kichoke. Mimi nilichoka kabla ya kiti. Nilikusudia kufika Tunduma, nivuke mpaka, niende Rodeshia, na baada ya hapo Mungu angejua. Njiani, pale Nanyala, nilitaka kulala tu. Lakini kambi ya barabara ilikuwa hapo kando ya njia, na karani wao wa stoo alikuwa amekufa kwa homa siku chache kabla. Nyapara aliposikia kwamba najua kusoma, alinipa kikombe cha chai na funguo, vyote kwa mkono mmoja.

Nyapara huyo aliitwa Simbeye, Mnamwanga wa upande wa Momba, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa amewahi kuchimba shaba ng'ambo, akarudi na neno moja la Kibemba, "mukwai", ambalo kule ni la heshima. Yeye alilitumia hata anapotukana.

"Karani, mukwai," aliniambia siku ya kwanza, "unajua sururu?"

"Naijua."

"Ishike."

Nikaishika. Watu waliokuwa mlangoni wakacheka.

"Umeishika kama unamshika mwali," akasema. "Haya. Kazi yako si kuichimbia. Kazi yako ni kujua ipi itamvunja mtu mkono."

Ninyi mnaorithi stoo zetu mtapewa vitabu vya kuandikia. Hakuna kitabu kitakachowaambia haya niliyofundishwa na Simbeye. Mpini mpya ugonge kwa kifundo cha kidole: ukitoa mlio mfupi, una ufa ndani. Karai lililotoboka lisitupwe, libebee mawe. Makasha ya baruti yageuzwe juu chini mara kwa mara, kwa sababu baruti ikikaa upande mmoja hutoa jasho, na jasho lile ndilo linaloua. Kila ukifungua kasha jipya la tambi za kuwashia baruti, kata kipande, kiwashe, uone kinaungua kwa kasi gani. Usimwamini aliyeandika juu ya kasha. Hakuwa na nia ya kusimama karibu.

Asubuhi tuliita majina. Kila kibarua alikuwa na kipande chake, kadi yenye vyumba, na kila siku aliyomaliza kazi yake nilitia alama chumba kimoja. Kazi yenyewe ilipimwa kwa ngwe, kama shambani. Simbeye alitembea kando ya mtaro au kwenye mawe, akapigilia kigingi kila alipoona panatosha mtu mmoja: hapa ngwe yako, pale ya mwenzako. Ukimaliza ngwe, siku yako imekwisha. Usipomaliza, chumba kinabaki kitupu, na chumba kitupu hakina ujira wala posho.

Mzee Haonga, wakati ule, hakuwa mzee. Alikuwa Mnyiha wa Iyula, mrefu, mwenye mikono ambayo ningeweza kukalia kiganja kimoja. Kazi yake ilikuwa kushika tindo mwamba unapotobolewa ili utiwe baruti. Mwenzake hupiga nyundo, yeye hushika chuma na kukizungusha kidogo kila baada ya pigo. Mshika tindo lazima awe mtu asiyepepesa macho. Haonga aliweza kushika huku akisimulia habari za mkwewe, na mpigaji akikosea kwa kucheka, yeye ndiye aliyemkaripia: "Cheka ukimaliza kupiga, bwana. Mkono huu sijauazima."

Aliumia kabla ya vita vya Hitla. Baruti moja ililala. Watu walihesabu milipuko wakaona imetimia, kumbe mwangwi wa kilima ulihesabiwa kama mlipuko. Haonga alipokwenda kusafisha tundu, mwamba ukaamka. Tulimbeba kwa machela hadi Mbozi Misheni, na huko walimhudumia vizuri, sina neno nao. Mkono wa kushoto uliokolewa, lakini kiwiko hakikukunja tena, na vidole vilikauka kama mizizi. Sikio la upande huo likafa. Na kitu kingine kiliharibika ambacho hakikuonekana kwenye bandeji. Radi ikipiga, Haonga alilala kifudifudi popote alipo, hata penye maji, akaziba kichwa. Akiamka hakusema. Aliweza kukaa siku nzima bila kusema.

Alirudi kambini. Mngetaka aende wapi? Kibarua hakuwa na kiinua mgongo. Makarani tulikuwa nacho, kwa sababu tulikaa kivulini. Mwenye kupasuliwa na mwamba wa serikali alipewa pole na nauli ambayo haikutosha.

Asubuhi aliyorudi, Simbeye alipigilia vigingi kama kawaida, na ngwe ya Haonga akaiweka katikati ya mstari. Nilidhani amekwenda wazimu. Nikamfuata.

"Nyapara, mtu huyu hawezi kushika hata koleo."

"Nani amekuambia atashika?"

"Basi nitatia vipi alama?"

"Karani, mukwai, umekuja na macho au uliyaacha Itigi? Kaa pale. Tazama."

Haonga akaja, akachukua mtaimbo kwa mkono mzima, akapiga pigo moja ardhini, pigo la kufungulia siku. Kisha akaenda kukaa kwenye jiwe. Mstari ukaanza. Mtu wa kulia kwake alichimba ngwe yake akiinamia ndani, akala kidogo katika ngwe ya Haonga. Wa kushoto vile vile. Waliokuwa mbali zaidi wakasogea kujaza nafasi. Kabla ya jua kuwa kali, ngwe ya Haonga ilikuwa imetoweka, na hakuna aliyekuwa ameitazama.

Waliita kumeza ngwe. Ulikuwa utaratibu wao wa shambani huko Iyula na vijiji vya jirani, watu wanapolima pamoja na pombe ikingoja: mzee au mgonjwa hupiga jembe la kwanza, kisha mstari unameza sehemu yake. Kuna sharti moja. Haisemwi. Mwenyewe hashukuru, na anayemeza hadai. Ukishukuru umewatukana, kwa maana umewaambia kwamba ngwe haikuwa yako.

Basi nilitia alama. Nilitia siku ile na siku zote zilizofuata. Kuna watakaosema nilidanganya serikali. Sikudanganya. Ngwe ilichimbwa. Serikali ilipata mtaro wake wote, hata unyayo haukupungua.

Wala Haonga hakukaa bure. Alinoa tindo zote za kambi, akizibana chini ya unyayo na kusugua kwa mkono mmoja. Alijua mvua kabla ya mawingu, na tulipotaka kulipua mwamba Simbeye humwambia kwa ukali wa uongo, "Haonga, maji yamekwisha, nenda mtoni na watu wawili, upesi!" Maji hayakuwa yamekwisha. Tulikuwa tunamwondoa mbali na mshindo. Naye alijua, akaenda. Bwana Barabara wa wakati ule, Mzungu mzee aliyependa kuwinda kuliko kupima mitaro, aliyaona yote akafumba macho. Simsifu. Kufumba macho ni kazi rahisi. Lakini nimeishi kuona aliyeyafumbua.

Miaka ile ilikuwa mizuri, na mimi ninayeudhika kukaa mahali pamoja nashangaa kusema hivyo. Kila kiangazi nilifunga sanduku niende Rodeshia, na kila masika lilikuwa bado chini ya kitanda. Nilizoea harufu ya udongo mwekundu ukimwagiwa maji. Nilizoea ndizi za kuchoma za Iyula, na Elina, binti yake Haonga, aliyekuja kila mwezi na kikapu kichwani kumwona baba yake na kunicheka Kiswahili changu cha Tabora. Elina alikuwa mjane. Kaka zake wawili walivuka mpaka kwenda Kopabelti, kwenye migodi ya shaba, na huko barabara hurudisha watu wachache kuliko inavyopeleka.

Vita vilipokwisha, alikuja Bwana Barabara mpya. Kijana, nadhifu, Kiswahili chake cha kitabuni, kila neno limevaa viatu. Alikuja na habari njema. Aliisoma mwenyewe wakati wa kuita majina: sasa kuna sheria, mtu aliyeumia kazini apelekwe kwa daktari, na akionekana amepoteza nguvu alipwe.

Sijawahi kuona kambi ikifurahi vile. Wapishi waligonga masufuria. Mtu alimwinua Haonga begani, naye akawa anauliza, "Nini? Nini?" kwa sababu walimsemea upande wa sikio bovu. Niliandika maombi yake usiku huo huo kwa mwandiko wangu bora kabisa. Elina aliposikia alikaa chini palepale njiani, akajifunika uso kwa khanga.

Haonga alipelekwa Mbeya. Daktari aliutazama mkono akaandika anachopaswa kuandika. Kisha tukangoja. Jibu lilipokuja, Bwana Barabara alituita ofisini, Simbeye na mimi, na mezani kwake kulikuwa na vipande vya Haonga vya miaka yote, vimefungwa kwa uzi.

"Huyu mtu," alisema, "amemaliza kazi yake kila siku tangu aumie. Kila siku. Hata ninyi wenye mikono miwili hamna kadi safi kama hizi."

Nadhani sisi sote wawili tuliona shimo kwa wakati mmoja.

"Anayechimba ngwe nzima kila siku hajapoteza nguvu. Ofisi imekataa."

Simbeye akaeleza. Alieleza kumeza ngwe, yeye ambaye hakuwahi kulitamka jambo hilo mbele ya mtu, akasimama kama mtu anayevuliwa nguo. Alipomaliza, Mzungu yule alitugeuzia uso uliojaa upole, na upole ule ndio ninaouchukia mpaka leo.

"Basi Nyapara, unaniambia kwamba mtu huyu alipokea ujira wa kazi asiyoifanya. Nikiandika hivyo, ni wizi. Ninyi wote mtafungwa. Unataka niandike hivyo? Au niandike kwamba ni mzima?"

Mmesikia? Alituwekea milango miwili, na yote miwili inatokea jalalani. Tulimfichia rafiki yetu aibu kwa miaka, tukaificha vizuri mno, na uzuri ule ndio uliotumika kumnyima haki yake. Kama tungekuwa watu wabaya, tungemwacha alale njaa mbele ya macho ya serikali mwezi mmoja tu, leo angekuwa analipwa. Hilo ndilo fundisho la ofisi. Msinitake niliandike kwa utulivu.

Haonga aliandikwa mzima. Muda mfupi baadaye likaja katapila, mashine ya kukwangua barabara, na wakasema watu wamezidi. Wa kwanza kupunguzwa ni mzee. Kwa hiyo katika kitabu kile kile, mwaka ule ule, mtu yule yule alikuwa mzima wa kutosha asilipwe fidia na mzee wa kutosha afukuzwe. Na msifikiri mambo yaliishia hapo. Watu wa kodi walipofika Iyula, Elina aliwaonyesha mkono wa baba yake aombe asamehewe. Wakamjibu kwamba habari zimetoka barabarani: ni mzima. Alipe.

Jumapili nilikwenda Iyula. Nilimkuta amekaa ameelekea ukuta.

"Hali chakula mpaka niseme saa ya posho," Elina aliniambia. "Nikimwambia baba njoo ule, ananitazama. Nikigonga sufuria nikasema posho, anakuja, anapanga mstari. Peke yake, Karani. Anapanga mstari peke yake."

"Anasema nini?"

"Anasema hana ngwe. Nikimwambia shamba hili lote la kahawa ni lako, anasema hapana, hili ni la watu, mimi sina ngwe."

Nilikwenda Tunduma kuwatafuta kaka zake. Niliuliza madereva wa malori, niliuliza wasafiri waliokuwa wakivuka na mabegi ya mablanketi. Mama mmoja muuza samaki wakavu, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, alinisikiliza, kisha akaniambia, "Baba, unatafuta wana wa mtu migodini? Wenye pesa wana aibu kurudi na kidogo. Wasio na pesa wana aibu kurudi. Sasa utamwona nani, mukwai?" Akanipa samaki mmoja bure. Sikupata habari nyingine.

Kisha Haonga akaanza kurudi kambini. Kutoka Iyula hadi Nanyala kwa miguu yake ilikuwa safari ndefu, kwa hiyo alitoka siku moja kabla, akalala ndani ya kalvati za kupitishia maji chini ya barabara, alizojenga mwenyewe. Wakati wa kuita majina tunamwona yupo mwisho wa mstari, nguo zimelowa umande. Likiitwa jina la mtu asiyekuwepo, yeye anaitika, "Nipo."

Vijana wapya, wale walioletwa na katapila, walifurahia.

"Mzee, jana ulikuwa Mwashambwa, leo nani?"

"Mwacheni, leo ni Bwana Barabara mwenyewe!"

Simbeye akawafuata na fimbo yake ya kupimia. "Nyamaza, wewe kichwa karai! Barabara unayotembelea huyu ameifungua kwa mkono wake. Wewe umefungua nini? Mdomo!" Kisha akamshika Haonga begani, akaenda naye jikoni, akampa chai. Lakini Elina akija kumchukua, kesho kutwa mzee amerudi. Siku moja alisimama mbele ya katapila lililokuwa linanguruma, akalala kifudifudi barabarani, kama alivyofanya kwenye radi. Dereva alisimamisha mashine ikiwa imebaki hatua ya mtoto.

Bwana Barabara akaandika kwa wenye mamlaka. Akaja tena na upole wake: mtu huyu ni mwendawazimu, anahatarisha kazi, apelekwe kwenye nyumba ya wendawazimu, mbali huko katikati ya nchi. Mnajua nyumba hizo. Mzee wa Iyula akipelekwa kule, asiyejua lugha ya watu wa kule, mwenye sikio moja, harudi. Habari haziji. Hata kaburi huonyeshwi.

Kwa kodi alikuwa mzima. Kwa kazi alikuwa mzee. Kwa barabara alikuwa kichaa. Kwa fidia, hakuwepo.

Matarishi wawili wa baraza walifika asubuhi wakati wa majina, wamevaa kofia zao nyekundu, na mmoja ameficha kamba nyuma kwa aibu, kwa sababu alimjua Haonga tangu utotoni. Elina alikuwa amefika pia, amemfuata baba yake usiku kucha. Akasimama mbele yao.

"Mnampeleka wapi?"

"Dada, tumeagizwa."

Bwana Barabara alitoka ofisini. Akaeleza sheria kwa maneno yake yenye viatu: mgonjwa wa akili anaweza kuachwa nyumbani kama ndugu mwanamume, mlipa kodi, atamdhamini mbele ya baraza kwamba hatarudi barabarani. Kama hakuna, anachukuliwa.

"Mimi je?" Elina aliuliza.

"Ndugu mwanamume."

"Mimi nilitoka kwenye mawe? Ninayemwosha ni mimi. Ninayemlisha ni mimi. Mnataka mwanamume wa nini, wa kutia sahihi?"

"Ndivyo sheria ilivyo, mama."

Haonga alisimama mwisho wa mstari, mkono wake mkavu umening'inia, anangoja jina lisiloitikiwa. Nikamwona Simbeye anafungua mdomo. Simbeye alikuwa na nyumba iliyojaa watoto, mdogo wao ananyonya. Mimi nilikuwa na sanduku la bati. Nikamtangulia.

"Ndugu yupo," nikasema. "Mimi ni mwanawe."

Bwana Barabara alinigeukia. "Karani Mihayo. Wewe ni mtu wa Tabora."

"Ni mwanawe."

"Fikiri kabla ya kurudia maneno hayo. Kama ni baba yako, basi kwa miaka yote hii ulikuwa unatia alama kadi za baba yako kwa kazi asiyoifanya. Sitakupeleka mahakamani. Lakini karani wa namna hiyo huondoka leo, na haondoki na kiinua mgongo." Akangoja. Alikuwa ananipa mlango, mtu yule mpole. "Nakuuliza tena. Mtu huyu ni nani kwako?"

Nataka mjue kwamba sikuwa shujaa. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, meno yangu yalikuwa yameanza kuniaga, sikuwa na shamba wala mke wala nyumba, na kile kiinua mgongo ndicho kilikuwa ukuta wangu pekee kati yangu na kalvati. Hasira ndiyo iliyonishika nisirudi nyuma.

"Ni baba yangu," nikasema. "Na ngwe ilichimbwa. Nenda ukapime mtaro."

Niliweka funguo juu ya meza ya majina. Simbeye alinisindikiza hadi mwisho wa kambi. Hakusema "mukwai" wala kitu kingine. Aliniondolea majani kwenye koti, akageuka, nikamsikia akimfokea mtu juu ya karai.

Tulipita barazani nikatia sahihi, matarishi wakanipigia saluti kwa furaha, wakaitupa ile kamba juu ya paa la jiko la baraza. Kisha tukashika njia ya Iyula, Elina mbele na kikapu na mfuniko wa sanduku langu uliokuwa umeng'oka, sisi wawili nyuma. Haonga alinitazama njia nzima. Tulipofika penye mteremko, akasimama.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako."

"Mimi sina mtoto Mnyamwezi."

"Hesabu kuanzia leo."

Akacheka kidogo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwamba ulipoamka. Kisha akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayekagua mpini.

"Mkono laini huu," akasema. "Utakula nini ukizeeka, mwanangu?"

Nikamwambia sijui.

"Hata mimi sikujua," akasema, na hakuuachia mkono wangu mpaka tulipoteremka.